Kocha wa kriketi analipa deni la nani?

(Maneno niliyoongea Kamalondo, Lubumbashi, mbele ya makocha wa ekipe za watoto. Nimeyaandika vile vile yalivyotoka.)

Jambo yenu bandugu, bamama na bapapa, na nyie vijana wenye mlibaki mlangoni ingieni, viti viko huku mbele.

Najua kuna wenye wanajiuliza huyu mzee kapotea njia ao namna gani, anakuja Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, ekipe yetu ya mpira, kuongea kriketi, mchezo wenye wengi hapa hawajawahi kuuona hata mara moja. Mnivumilie. Mi nimefundisha watoto mpira miaka mingi, mnanijua, kriketi nilifundishwa na jirani yangu, Muhindi mwenye duka la vitambaa mjini, jioni akisha kufunga duka anawasha televizyo na mechi inaenda, inaenda, mi nauliza yeye ananieleza. Sasa siku moja ekipe ya India ikapoteza vibaya, akapiga meza akasema kocha atoke, kocha atoke. Nikamuuliza, yule kocha leo kafanya nini? Akanyamaza. Akafikiri. Akasema, leo? Leo hakufanya kitu, alikuwa amekaa.

Hapo ndo nilianza kuufikiria huu mchezo kwa nguvu, juu kwenye kriketi hii maneno ya kumlaumu kocha inaonekana wazi kuliko kwenye mpira wetu. Kwenye mpira kocha yuko pembeni ya uwanja, anapiga kelele, anatoa mchezaji anaingiza mwingine, anabadilisha mpango dakika ya 60. Kwenye kriketi kocha anakaa juu kule kwenye balkoni na wachezaji wenye wanangoja zamu. Kapiteni ndo anasema nani arushe ova hii, ni kusema mipira sita, nani asimame wapi, na wakirusha sarafu kabla ya mechi, akishinda yeye ndo anachagua tupige kwanza ao turushe kwanza. Mpigaji akitoka bila mkimbio hata moja, mkimbio ndo pointi ya kriketi, huwezi kuita mwingine achukue nafasi yake eti huyu leo hayuko sawa. Na kwenye nchi mingi hata orodha ya wachezaji siyo ya kocha peke yake, India kuna kamati ya wateuzi, kocha anaongea nao ndiyo, lakini wao ndo wanaandika majina. Sa fikiria, mtu hakuchagua wote, hasimamii uwanjani, hawezi kubadilisha, afu wakipoteza ni yeye wa kwanza kufunga mizigo.

Nawapa siku moja tu. Tarehe 17 mwezi wa 3, mwaka 2007, Kombe la Dunia la kriketi kule visiwa vya Karibea. Siku hiyo moja India ilipoteza na Bangladesh, na siku hiyo hiyo Pakistan ilipoteza na Ireland, watu wenye hawakuwa hata wanaishi kwa kriketi, wengine walikuwa na kazi zingine kwao. Nchi mbili zenye watu wanalia kwa mchezo huu, zote zikarudi nyumbani mapema. Kocha wa India alikuwa Greg Chappell, Muaustralia, mpigaji mkubwa sana wa zamani, wiki chache baadaye akaondoka. Kocha wa Pakistan alikuwa Bob Woolmer. Asubuhi yake, tarehe 18, Woolmer wakamkuta chumbani kwa hoteli, Kingston, Jamaika, hajitambui, akafa siku hiyo. Polisi wakasema kwanza kauawa, dunia yote ikaanza kuangaliana na wachezaji wakaulizwa maswali, mwezi wa 6 polisi wakageuka wakasema hapana, kafa kifo cha kawaida, na mwezi wa 11 juri ya kule ikamaliza bila kusema ni nini. Mi sitasema kilichomuua, sina ruhusa ya kusema. Nasema tu kwamba usiku wa mwisho wa maisha yake ule mtu alikuwa amebeba hasira ya nchi nzima kwa mechi yenye yeye hakurusha mpira hata moja. Hii kitu inaniuma mpaka leo, na kila nikisikia watoto wetu wanamtukana kocha wao njiani namkumbuka.

Sa turudi kwa Chappell, juu sitaki mseme natetea makocha wote kama vile ni malaika. Chappell alikuwa na makosa yake. Aligombana na kapiteni wake, Sourav Ganguly, barua aliyoandika kwa wakubwa kumhusu ikatoka nje mwaka 2005 watu wakaisoma, na kutoka pale ndani ya ekipe hakukuwa tena na amani. Hilo ni kosa la kocha, la kwake kabisa, hakuna mteuzi wala minista alimtuma. Akaja Gary Kirsten wa Afrika Kusini mwaka 2008, mtu wa kuongea chini chini, na wengi wenye walishindwa 2007 ndo hao hao, Tendulkar, Sehwag, Yuvraj, Dhoni, Zaheer, na tarehe 2 mwezi wa 4 mwaka 2011, Mumbai, wakachukua Kombe la Dunia. Jirani yangu siku hiyo alifunga duka saa sita ya mchana.

Kwa hiyo kocha ana kazi na kazi yake inaonekana. Hata Uingereza, mwaka 2022, walikuwa wameshinda mechi 1 tu kati ya 17 za siku tano, wakamleta Brendon McCullum wa New Zealand, zenye zilifuata wakashinda 10 kati ya 11. Hapo nakubali bila shida. Lakini angalieni pia, hawakubadilisha kocha peke yake, walibadilisha na kapiteni, Joe Root akatoka Ben Stokes akaingia, na hao wawili walikuwa wanataka kucheza kwa namna moja. Mkiwasikia watu wanasema kocha ndo aliwaokoa, waulizeni na kapiteni je?

Mwingine ni Mickey Arthur, huyu nampenda kumfundishia. Alikuwa kocha wa Australia, mwezi wa 3 mwaka 2013 wako India wanapigwa, akawaambia wachezaji kila mtu aniletee maneno matatu ya vile tutajirekebisha. Wanne hawakuleta, akina Watson na Mitchell Johnson, akawafungia mechi moja. Mtu mzima mwenye familia unamfungia kwa ajili ya devwari, kazi ya nyumbani kama ya shule! Wakapoteza mechi 4 kwa 0. Mwezi wa 6 wakamfukuza, ikibaki siku 16 tu kabla ya kucheza na Uingereza. Akaja Darren Lehmann, na bado wakapoteza 3 kwa 0, afu mwisho wa mwaka kwao nyumbani wakashinda 5 kwa 0, na yule Johnson ndo aliwamaliza Waingereza. Mtasema basi Arthur ndo alikuwa mbaya. Ngojeni. Mwaka 2017 yule yule Arthur, sasa na Pakistan, akachukua Champions Trophy, kombe lingine la kriketi la mataifa, pale London, fainali wakaipiga India kwa mikimbio 180. Aliyefukuzwa kama hajui kazi, miaka minne tu, kashika kombe.

Lakini mfano wenye nataka mlale nao ni wa Kenya, majirani wa Kiswahili. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Ndiyo, Kenya. Kocha alikuwa Sandeep Patil, Muhindi mwenye alikuwa kwenye ekipe ya India iliyochukua kombe 1983, kapiteni Steve Tikolo. Watu wanasema bahati, juu New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa sababu ya usalama wakatoa pointi za bure, sawa, lakini Sri Lanka walikuja Nairobi wakapigwa kwa mikimbio 53, kijana Collins Obuya akaangusha wiketi 5, ni kusema akatoa wapigaji 5, na Bangladesh wakapigwa, na Zimbabwe wakapigwa. Ile ekipe ilikuwa kweli.

Na kutoka pale? Ilitakiwa wajenge, watoto wa shule waone Obuya waseme mi pia. Badala yake falanga ikawa vita. Wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo, viongozi wakapigana wao kwa wao mpaka shirikisho la zamani likavunjwa 2005, mchezaji wao mkubwa Maurice Odumbe akafungiwa miaka 5 kwa kushirikiana na mtu wa kamari. Makocha wakaja wakaenda, toka visiwa vya Karibea na kwingine, kila mmoja anapokelewa vizuri kisha analaumiwa. Kombe la Dunia 2011 Kenya ikacheza mechi 6 ikapoteza zote 6, na New Zealand wakaitoa yote ikiwa na mikimbio 69 tu. Kocha akaondoka. Mwaka 2014 wakapoteza hata haki ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa. Sa mniambie, kocha gani kati ya hao wote angelipa mishahara? Kocha gani angewapatanisha wakubwa? Walikuwa wanabadilisha dereva, gari haina mafuta.

(Mama mmoja mbele akasema: hata kwetu.) Ndiyo mama, hata kwetu. Mnajua 1974, Zaire yetu kwenye Kombe la Dunia la mpira, Ujerumani. Kocha Vidinić, Myugoslavia, mwenye mwaka ule ule alitupa Kombe la Afrika kule Misri na mabao 9 ya Ndaye Mulamba. Wachezaji wakakosa pesa walizoahidiwa, wakataka hata wasiingie uwanjani kucheza, wakaenda wakapigwa 9 na Yugoslavia. Kazadi, kipa wa hapa hapa Lubumbashi, akatolewa ikiwa 3 kwa 0, na mpaka leo wazee wanasema kocha aliwauza watu kwa nchi yake. Miaka 50 wanasema hivyo. Pesa iliyopotea wanaisema mara ngapi?

Na yule Benítez, kocha wa Inter ya Italia, mwenye alitufunga Mazembe 3 Abu Dhabi mwaka 2010, mkalia nyumba nzima, mnajua siku tano baadaye kazi yake Inter ikaisha? Na kombe la dunia la klabu mkononi.

Kisha wakauliza maswali, nitaandika moja tu. Kijana mmoja wa Katuba akasema mwalimu, president wa ekipe yetu kaniambia tukipoteza Jumapili natoka, na watoto wawili wenye wanacheza ni wa ndugu zake, yeye ndo anawaweka. Nikamwambia chukua daftari, andika kila wiki nani kachagua nani, mazoezi mara ngapi, watoto wangapi walikuja wamekula, mipira mingapi mlikuwa nayo, wakikuita kwenye kikao ufungue daftari usome polepole, na pale kosa lilikuwa lako soma pia, usiruke. Akasema leo jioni naanza. Nikamuuliza mipira mingapi mnayo. Akasema miwili, na mmoja umetoboka.