Mahali Kwanza, Mashine Mwisho: Biashara ya Mashine za Soda na Vitafunio Minnesota

Shikamooni wazee, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie zile mashine zinazosimama kwenye korido za viwanda na nyumba za wazee: unatia dola au unagusisha kadi, soda inaanguka. Wengi mliofika hapa mna swali moja kichwani: mashine inauzwa wapi na kwa shilingi ngapi, yaani dola ngapi. Nitalijibu, ila si sasa, kwa sababu mashine ndiyo kitu cha mwisho kununua. Mwenye mashine gereji bila mahali pa kuiweka ana friji la kilo 350 lisilomwingizia hata senti.

Tuanze na karatasi, tena na karatasi za mtu mwenyewe kabla ya za kampuni. Kumiliki kampuni Marekani hakuhitaji uraia wala ukaazi wa kudumu. Kuifanyia kazi ni jambo jingine. Mwanafunzi wa visa ya F-1, au aliyeajiriwa kwa visa ya kazi ya H-1B, akienda kupanga soda na kukusanya pesa anahesabiwa kuwa amefanya kazi bila ruhusa, hata kama kampuni ni yake. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye ukaazi wa kudumu hawana kizuizi hicho. Aliye katikati ya taratibu nyingine amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua hata betri ya rimoti.

Kuna pia visa ya mwekezaji, E-2, ambayo hutolewa kwa raia wa nchi zenye mkataba na Marekani. Kongo ya Kinshasa imo, na Oman imo. Kenya na Tanzania hazimo. Lakini ndugu zetu wa Lubumbashi na Muscat wasishangilie mapema: uwekezaji lazima uwe wa maana, na biashara izidi ile ya kumlisha mwenyewe na familia yake tu. Mashine mbili haziwezi kubeba ombi hilo.

Kampuni yenyewe ni kazi ya jioni moja. Hapa Minnesota unasajili LLC, yaani kampuni inayotenganisha madeni yake na mali yako, mtandaoni kwa Katibu wa Jimbo, dola 155. Namba ya kodi ya kampuni, EIN, inatolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho. Tovuti inayokudai dola 200 kwa namba hiyo inakuuzia maji ya mvua. Mwenye kuishi Nairobi au Muscat na kumiliki LLC ya hapa peke yake akumbuke kupeleka IRS fomu 5472, ya kampuni zinazomilikiwa na wageni, kila mwaka, hata pale ambapo hakuna kodi ya kulipa. Faini ya kutoipeleka ni dola 25,000. Hiyo ni bei ya mashine nzuri kadhaa.

Kisha kodi ya mauzo, na hapa wengi hukosea hesabu tangu mwanzo. Dukani Minnesota chakula kingi hakitozwi kodi hiyo. Kikipita kwenye mashine kinatozwa. Kiwango cha jimbo ni asilimia 6.875, na ukijumlisha za mji na kaunti, ndani ya Minneapolis inavuka 9. Mashine haiwezi kumwambia mteja "ongeza senti 14", kwa hiyo kodi imo ndani ya bei uliyobandika. Ukiuza soda dola 1.50, si yote yako. Jisajili kwa idara ya mapato ya jimbo kabla ya kuuza chupa ya kwanza. Leseni za chakula zinategemea unachouza na mji ulipo, kwa hiyo ulizia idara ya kilimo ya jimbo pamoja na ofisi ya mji. Ukifikisha mashine 20, sheria ya shirikisho inakutaka uonyeshe kalori za kila bidhaa.

Sasa mahali. Hapa nitakaa kidogo.

Mahali pazuri hapapimwi kwa idadi ya wanaopita, bali kwa idadi ya wanaokaa na hawana pa kwenda. Ghala lenye watu 60 zamu ya usiku, duka la karibu likiwa maili mbili, linashinda ukumbi wa benki wanaopita watu 500 kwa siku. Nyumba za wazee zina wauguzi wasaidizi wa zamu mbili mfululizo, na wengi wenu hapa mnazijua kwa ndani kuliko muuzaji yeyote wa mashine. Huo ni mtaji. Gereji za magari, vituo vya kusafisha figo, majengo ya kupangisha yenye nyumba zaidi ya mia na sehemu za kufulia nazo ziangalieni. Ofisi za siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, ambako nusu ya watu hufanyia kazi nyumbani, ziacheni. Majengo ya serikali ya shirikisho pia msipoteze muda nayo: sheria ya Randolph-Sheppard ya mwaka 1936 inawapa wasioona kipaumbele cha kuendesha biashara hii humo.

Ukienda kuomba, nenda kwa mwenye mamlaka, yaani meneja wa jengo au wa zamu, si kwa dada wa mapokezi. Nenda asubuhi katikati ya wiki. Usianze na kamisheni. Anza kwa kuuliza wafanyakazi wanakula nini saa tisa za usiku. Mameneja wengi wanachotaka ni mashine isiyowaletea malalamiko, hawatafuti asilimia. Akidai kamisheni, asilimia 5 mpaka 10 ya mauzo baada ya kodi inavumilika. Ishirini, mwachie mshindani wako.

Mkataba uwe wa ukurasa mmoja au miwili, na ueleze mambo haya: muda wake, nani analipa umeme (kwa kawaida mwenye jengo), kwamba hakuna mashine nyingine itakayoingia, saa zako za kuingia, na siku 30 za taarifa kabla ya kuondolewa. Watakudai cheti cha bima ya dhima, yaani ya kulipia madhara kwa watu wengine, mara nyingi ya dola milioni 1 kwa tukio, jina la jengo likiwa limeongezwa. Wanaosema "bima si lazima" hawajui kwamba mashine hizi huua. Hadi mwaka 1995, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilikuwa imehesabu vifo 37 tangu 1978 vya watu waliozitikisa ili soda ianguke, zikawaangukia.

Wapo pia wanaouza "mahali" na mashine kwa pamoja: lipa dola 15,000, tutakupa mashine tatu na sehemu tatu zilizohakikishwa. Hawa wanapenda sana mikutano ya kanisa na misikiti ya wahamiaji. Kanuni ya shirikisho kuhusu fursa za biashara inamtaka muuzaji wa namna hiyo akupe karatasi ya maelezo angalau siku 7 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Akikuharakisha usaini leo, amekwisha kujieleza.

Ukishakubaliwa, nenda na futi ya kupimia na simu yako. Mashine ya kawaida yenye kioo mbele ina kimo cha inchi 72, upana wa 35 mpaka 41, kina cha karibu 35. Milango mingi ya ndani ina inchi 36. Pima kila mlango, lifti na kona kutoka mahali pa kushushia. Soketi iwe ya volti 115, ampea 15, yenye waya wa ardhi, na isishirikiane na maikrowevu. Hakuna kutumia waya wa kurefushia umeme. Nyuma ya mashine acha inchi 4 hadi 6 hewa ipite. Vitufe na mahali pa kulipia visizidi inchi 48 kutoka sakafuni, kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu. Simu ni ya nini? Simama hapo uangalie mtandao. Kisoma kadi kinatumia laini ya simu, na vyumba vya chini vyenye kuta za zege humeza mawimbi. Bila mtandao hakuna kadi, na bila kadi umepoteza wateja wengi, maana watu wa hapa hawatembei na noti tena.

Haya, sasa mashine. Iliyokarabatiwa, yenye vitafunio na vinywaji pamoja, ni kama dola 2,000 mpaka 3,500. Mpya ya kioo huanzia kama 4,500 na kupanda. Mimi namshauri anayeanza anunue iliyokarabatiwa kwa fundi mwenye karakana, si kwa mtu wa tangazo la "njoo uchukue leo". Swali la kwanza ni hili: ina MDB? Huo ni mfumo wa waya unaounganisha bodi na kipokea sarafu, kipokea noti na kisoma kadi. Mashine za zamani zisizo nao zinauzwa dola 300, na huwezi kuzifungia kisoma kadi mpaka ubadilishe bodi. Muulize muuzaji aiwashe mapema. Baada ya saa nne au tano vinywaji viwe vimepoa hadi kama nyuzi 3 au 4 za Selsiasi. Bonyeza kila chaguo. Ingiza noti ya dola 1, kisha ya 5, uone chenji inatoka sawa. Hakikisha unapewa funguo zote, kisha badilisha kitasa ukifika kwako.

Ikilazwa wakati wa kubebwa, isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Na msiibebe kwa pikapu na vijana wanne. Kodisha lori lenye jukwaa la kunyanyulia na toroli ya kuinulia mizigo.

Upangaji wa bidhaa una ufundi wake. Kila springi inayosukuma bidhaa ina idadi ya mizunguko: ya 10 inafaa mifuko ya krispi, ya 18 au 20 inafaa chokoleti nyembamba. Ukitia mfuko mwembamba kwenye springi pana, unainama mbele, unanasa kwenye kioo, mteja anaanza kutikisa. Ukitia mnene kwenye nyembamba, mota inakwama. Chagua mashine yenye jicho la kuhisi kitu kikianguka: lisipoona kitu, springi inazunguka tena au pesa inarudi. Sandwichi na maziwa viacheni mwaka wa kwanza. Chakula kinachoharibika lazima kikae kwenye nyuzi 5 au chini, na mashine ijifunge yenyewe joto likizidi.

Bei zote zigawanyike kwa senti 25. Hapo chenji yako ni robo dola tu, huna haja ya sarafu ndogo. Robo zikiisha, mashine nyingi hukataa noti kabisa, na mteja ataripoti kwamba mashine ni mbovu. Simu nyingi za malalamiko chanzo chake ni hicho, au ni vumbi kwenye kipokea noti. Kitambaa na spiriti kidogo kinatosha.

Hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mashine imeuza dola 600 kwa mwezi. Kodi ya mauzo, karibu 50. Bidhaa kwa asilimia 45, 270. Ada za kadi na laini, 34. Kamisheni, 55. Mafuta na sehemu ya bima, 40. Inabaki kama 151. Ukiitembelea mara nne na kwenda dukani, ni kama saa 8 za kazi: dola 19 kwa saa, na mashine ya dola 3,000 itachukua miezi 20 kujilipa, kabla ya kodi ya mapato. Anayewaambia hii ni pesa inayoingia umelala hajawahi kuokota soda zilizopasuka. Maana hapa, Januari, soda ikilala ndani ya gari inaganda na kufumua kopo. Julai chokoleti inayeyuka kabla hujafika. Sehemu tatu zilizo jirani zinashinda tano zilizotawanyika, kwa sababu safari ni ileile moja.

Kuhusu ubaridi: kila mwezi safisha vumbi kwenye kondensa, lile wavu la chini. Likiziba, kompresa haipumziki, inakufa. Gesi ya ubaridi usiiguse bila cheti cha kifungu 608 cha EPA, idara ya mazingira ya shirikisho. Katika mashine nyingi kitengo chote cha ubaridi kinachomolewa kama droo na kubadilishwa na kingine kilichokarabatiwa.

Naona swali pale nyuma: je, mashine iliyochoka hapa inaweza kupelekwa Dar au Mombasa? Inaweza kufika bandarini, kufanya kazi ni shida. Imetengenezwa kwa volti 115 na hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 hadi 240, na hezi 50. Transfoma itarekebisha volti, haitagusa hezi, na kompresa itazunguka polepole na kupata joto. Kipokea noti kinajua dola tu, na lazima kibadilishwe au kipewe programu ya shilingi kama mtengenezaji anayo. Sarafu vilevile. Ukijumlisha transfoma, vipokeaji vipya, usafiri wa meli na ushuru, utafute bei ya mashine mpya ya volti 230, yenye kulipia kwa simu, kisha ulinganishe.

Mwingine?