Fankisheni moja, majibu matatu: hesabu ya viazi kwa Python

Mugonile, ndugu zangu! Baridi la Mbeya leo limekaza, lakini hili somo nina hamu nalo wiki nzima. Fungua Python, faili jipya, twende.

Tunapiga hesabu ya viazi kwa fankisheni, yaani kipande cha programu chenye jina, kinachopokea namba na kurudisha majibu. Tunakipa magunia, bei ya gunia, nauli ya gunia hadi Dar.

def hesabu(magunia, bei, nauli):
    mauzo = magunia * bei
    usafiri = magunia * nauli
    return mauzo, usafiri, mauzo - usafiri

Mstari wa mwisho una mikato miwili tu. Python inayafunga majibu matatu kwenye fungu moja, tupuli, yanatoka pamoja. Usiandike return tatu zikifuatana: ya kwanza ikishasomwa fankisheni imekwisha, za chini hazifikiwi.

Sasa tunapokea:

mauzo, usafiri, baki = hesabu(12, 65000, 9000)
print(mauzo, usafiri, baki)

Subirini, jua la dirishani limepiga skrini. Navuta pazia... haya, inasomeka? Mauzo 780000, usafiri 108000, baki 672000.

Hapa nisikilizeni vizuri. Mpangilio! Python inagawa kwa nafasi, majina hayaihusu. Niliwahi kuandika "usafiri, mauzo, baki", nikamchapishia karatasi ya hesabu mama mmoja wa viazi pale Uyole. Kosa halikutokea popote, na baki ilikuwa sahihi, ndiyo maana sikushtuka. Karatasi ikasema gari limekula 780,000! Mama akamgombeza dereva wa watu, ikabidi niende mwenyewe kumwomba radhi. Kwa hiyo weka kidole kwenye return, kingine kwenye mstari wa kupokea: mauzo kwa mauzo, usafiri kwa usafiri, baki kwa baki. Fanya hivyo kila mara, hata ukiwa na haraka.

Ukiweka vigeu viwili, yaani majina mawili tu, kupokea majibu matatu, Python itagoma na kuandika ValueError. Hiyo nafuu, umeambiwa. Jibu usilolihitaji lipokee kwa alama ya mstari wa chini (_): mauzo, _, baki.

Majibu yakizidi matatu mimi narudisha kamusi (dict), kila jibu na jina lake, naipokea kwa jina moja, tuseme matokeo. Ukitaka usafiri unaandika matokeo["usafiri"], habari ya nafasi imekwisha.

Haya, weka magunia 30, bei na nauli zilezile. Kidole kwanza! Mpangilio uko sawa? Endesha. Upate mauzo 1950000, usafiri 270000, baki 1680000.