Shangazi amekata bustani kwa mundu

ELI: Karibuni tena. Mimi niko Sakina na sweta mbili mwilini. Manka yuko Moshi, anajifanya hakuna baridi.

MANKA: Hakuna. Nimevaa kanga na fulana. Habari za Arusha?

ELI: Mawingu. Mlima Meru hatujauona tangu Jumatatu. Haya, leo tunaongelea ukoka wa nyumbani msimu huu wa baridi, Juni mpaka Agosti. Nimeandaa mambo matano, na la kwanza...

MANKA: Eli, weka karatasi chini. Waeleze ya shangazi.

ELI: Nilitaka yaje mwishoni.

MANKA: Ukifika mwishoni watu wamelala. Anza.

ELI: Haya. Shangazi yangu wa Kibosho, kule mlimani Kilimanjaro, mnamjua, alikuja Jumatano kupimwa macho, akalala kwangu. Alhamisi nimeenda kazini, narudi jioni bustani imenyolewa. Udongo unaonekana. Amekata yote kwa mundu, amefunga mizigo miwili kwa kamba za mgomba, ipo barazani inasubiri Kosta ya asubuhi.

MANKA: (anacheka) Inaenda kwa ng'ombe!

ELI: Ng'ombe wa Kibosho ale ukoka wa Sakina. Nikamwamkia, shikamoo shangazi. "Marahaba mwanangu. Hivi kumbe unamwagilia majani na hata mbuzi huna?"

MANKA: Hapo ulijibu nini?

ELI: Nilikaa kimya. Utamjibu nini?

MANKA: Ana hoja lakini. Kule juu ng'ombe yuko bandani mwaka mzima, kila kitu analetewa: majani ya Gwatemala, matete, mgomba uliokatwakatwa. Kiangazi kikiingia majani yanaadimika, wanawake wanashuka tambarare kuyatafuta na kuyapandisha kichwani. Mtu aliyebeba mzigo huo tangu usichana, umwonyeshe majani ya kutazama tu?

ELI: Sikatai. Ila angeuliza.

MANKA: Akuulize wewe? Mtoto wa kaka yake? Na Kosta walimtoza nauli ya mzigo?

ELI: Kondakta alitaka nauli ya watu wawili, mzigo mmoja mtu mmoja. Shangazi akamwambia sawa, waonyeshe viti vyao.

MANKA: Jamani!

ELI: Ikapanda juu ya gari bure. Sasa turudi kwenye mada. Jambo la kwanza ndilo hilo hilo, urefu. Msimu huu usikate zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Pandisha kisu cha mashine, acha hata sentimita tano. Jani ndilo linalopika chakula, na sasa hivi jua ni la kuvizia.

MANKA: Na ng'ombe atakula nini?

ELI: Manka.

MANKA: Nauliza kwa niaba ya wasikilizaji wa Kibosho.

ELI: La pili, maji. Mwagilia asubuhi, kwa nafasi, yazame chini. Ukimwagilia jioni jani linalala limelowa usiku kucha, fangasi wanakushukuru.

MANKA: Hilo nakubali. Sasa sema ulichokataa kunisikiliza juzi kwenye simu.

ELI: Urea, ile mbolea.

MANKA: Urea. Bustani imekatwa mpaka chini. Mwagilia vizuri, weka urea kidogo, mwagilia tena, utaona kijani. Wewe unasema usubiri Septemba!

ELI: Kwa sababu ukoka ni mmea wa joto. Usiku hapa tunashuka mpaka digrii 12, 13. Chini ya 15 hivi ukoka unapunguza mwendo. Ukiuwekea urea sasa hivi, nani anaila? Tena umekatwa hauna jani, unaishi kwa akiba ya kwenye vitambaazi na mizizi. Uache upumzike.

MANKA: Unasema ya usiku tu. Mchana ni 21, 22. Hiyo ni baridi ya watu, sio ya majani. Halafu bustani yako nusu yake ni majani ya kikuyu, nimeiona kwa macho yangu, majani mapana yana vinyweleo. Kikuyu kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huko mita 2,000 na kuendelea. Imepelekwa Australia imekuwa gugu la kuwasumbua watu. Leo ije ishindwe na Arusha, mita 1,400?

ELI: Kikuyu ipo pembeni tu, kwenye ua. Katikati ni ukoka.

MANKA: Na hapo katikati kinachoua ni kiu. Masika yamekwisha Mei.

ELI: Kiu gani, kila asubuhi kuna manyunyu!

MANKA: Manyunyu yanalowesha jani, mzizi hauyaoni. Chukua bisibisi, ichome ardhini. Ikigoma kuingia, udongo mkavu.

ELI: Nilichoma. Iliingia.

MANKA: Wapi?

ELI: ...Karibu na tanki.

MANKA: (anacheka sana) Tanki linalovuja!

ELI: Hata hivyo siweki urea. Wewe Moshi uko mita mia tano chini yangu, joto lako si langu.

MANKA: Na mimi nakwambia Septemba utakuwa na vumbi, na shangazi atarudi akukute na uwanja wa mpira. Usisahau sale, lile jani letu la Kichaga.

ELI: Sale ya nini?

MANKA: Ya kumwomba radhi. Ulimnunia mgeni.

ELI: Aliyekata bustani ndiye aniletee mimi sale!

MANKA: Shangazi akuletee wewe sale? Sema polepole, watu wa Kibosho wanarekodi.

ELI: Tuendelee. Kuna msikilizaji yuko Uingereza, anauliza ukoka wake. Dada, huko kwenu usitufuate sisi. Baridi yenu ikifika, mbolea ya naitrojeni nyingi acha mpaka majira ya kuchipua, na asubuhi kukiwa na jalidi usikanyage majani. Jani limeganda, ukilikanyaga seli zinavunjika, nyayo zako zinabaki za kahawia.

MANKA: Hapo sasa ndiyo baridi. Hiyo ya Sakina ni sweta tu.

ELI: Tumebakiwa na dakika mbili, na mambo matatu sijayagusa. Kutoboa udongo kwa uma, kupunguza kivuli...

MANKA: Kivuli! Ule mparachichi wako ndio...

ELI: Usianze.

MANKA: Sianzi, muda umeisha. Wiki ijayo ni mapaa yanayovuja, tuyawahi kabla ya vuli. Tumeni sauti zenu, zisizidi dakika moja. Wewe wa Usa River unajijua.

ELI: Na waliotaka yale mambo matatu?

MANKA: Wamuulize ng'ombe. Weka urea, Eli.

ELI: Siweki. Kwaherini.