Nimepata kazi mpya, na wahusika wangu wameanza kuongea

Haya jamani, habari zenu, habari za siku nyingi. Najua miezi mitatu imepita bila video hata moja na wengine mlishaanza kunitumia meseji mkidhani naumwa, hapana, siumwi, nipo mzima kabisa namshukuru Mungu, ni kwamba mambo yalifuatana na nilitaka yatulie kwanza ndo niongee nanyi. Leo nimeweka simu hapa dirishani maana huku niliko ni winta, saa kumi jioni giza limeshaingia, kwahiyo nikitaka mwanga lazima nirekodi asubuhi, na asubuhi sikuhizi ninayo. Hiyo ndo habari yenyewe ya kwanza. Nina asubuhi.

Wale mlionifuata tangu mwanzo mnaikumbuka kazi ya ghalani. Naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi, kufunga mizigo, kubandika lebo, kusukuma troli, miaka mitatu. Sijawahi kuidharau ile kazi na sitaidharau leo, imenilipia kodi ya nyumba, imesomesha mtu huko nyumbani, na wenzangu wa shifti walikuwa watu wa maana sana kwangu. Ila usingizi wa mchana jamani si usingizi, unafunga mapazia unaziba masikio unalala masaa manne unaamka kichwa kizito kama umebeba jiwe, halafu mtu anakwambia andika hadithi. Nilikuwa naandika kwenye simu nikiwa kwenye basi, mistari miwili mitatu, kesho yake naisoma sielewi nilikuwa nataka kusema nini.

Sasa nimekuwa mkalimani. Kiswahili na Kiingereza, mara nyingi kwa simu, mara nyingine kwa video, siku mojamoja naenda mwenyewe mahali penyewe. Nilisoma kozi wikiendi zote kwa miezi kadhaa, niliwaficha kwa sababu niliogopa nisije nikafeli nikaanza kuulizwa imekuwaje, nikafanya mtihani, nikaitwa intavyuu, nikapata. Mshahara umepanda, ndiyo, lakini kiukweli kitu kilichonibadilisha siyo pesa peke yake, ni kwamba nalala usiku kama watu wengine na nikiamka akili ni yangu.

Mtu akisikia mkalimani anafikiri ni kujua lugha mbili basi. Kumbe jambo la kwanza wanalokufundisha ni neno moja dogo, "mimi". Mgonjwa akisema naumwa tumbo tangu juzi, wewe husemi anasema anaumwa tumbo, unasema naumwa tumbo tangu juzi. Unakuwa yeye. Daktari akijibu, unakuwa daktari. Na ikitokea wewe mwenyewe hujaelewa, hapo ndo unajitoa na unajiita kwa jina la kazi, "mkalimani anaomba ufafanuzi", ili kila mtu ajue kwamba sasa anaongea nani. Huongezi, hupunguzi, hulainishi. Mtu akitukana unatafsiri tusi. Hilo lilinitesa sana darasani, maana mimi kwetu nimelelewa kusema pole kabla ya kusema neno kali, na mwalimu kila mara ananisimamisha, hiyo pole imetoka wapi, yeye hakusema pole.

Halafu kuna siri. Chochote ninachokisikia kazini hakitoki, si jina, si ugonjwa, si kesi, hata yale niliyoandika kwenye karatasi kujisaidia kukumbuka yanaharibiwa nikimaliza. Kwahiyo msiniulize nimesikia nini huko, hamtapata kitu, na hata nyinyi mngekuwa upande ule mngependa iwe hivyo. Mifano yote ninayowapa leo ni ya darasani, mwalimu anaigiza mgonjwa, mwanafunzi mwenzangu anaigiza nesi.

Siku moja mwalimu anaigiza, anasema mguu unaniuma. Rahisi eeh? Basi nikakwama. Kwa Kiingereza kuna neno la mguu wote na kuna neno la kule chini kwenye wayo, sisi vyote tunasema mguu, na mkono hivyohivyo, kuanzia begani mpaka vidoleni ni mkono. Sasa nesi anataka kupima, apime wapi? Lazima uulize. Nyingine ni saa. Ukimwambia mtu dawa hii meza saa mbili, wewe na mimi tunajua ni saa mbili asubuhi au usiku, lakini kwa hesabu ya wenzetu hiyo ni saa nane, na akisikia mbili anafikiria mchana kabisa au usiku wa manane. Masaa sita yamepotea kwenye neno moja. Mpaka leo nikitafsiri saa mapigo ya moyo yanabadilika, narudia mara mbili, na asubuhi au usiku siachi kusema.

Ila iliyonifungua macho kama mwandishi ni "yeye". Kiswahili hakisemi kama ni mwanamke au mwanaume. Alikuja, akakaa, akalia, hujui ni nani. Kwa Kiingereza huwezi kwenda mbali bila kuchagua, mkalimani anabanwa anauliza, samahani huyu jirani ni mwanamke au mwanaume? Nilirudi nyumbani siku ile nikakaa kitandani na koti langu bado sijavua nikawaza, kumbe miaka yote nina kitu hiki mkononi na sijawahi kukitumia. Naweza kuandika kurasa kumi za mtu, msomaji akamjenga kichwani mwake, akamhukumu, halafu neno moja tu, "mume wangu" au "mke wangu", likageuza picha nzima. Na majina ya undugu pia, mtu akimwita mwenzake mama mdogo, sijaandika maelezo yoyote lakini umeshajua huyu ni nani kwake, umri umeukisia, heshima umeisikia. Lugha yetu inabeba mzigo mkubwa kimyakimya, sisi tumeizoea tu.

Sasa hapa naomba mnivumilie maana nataka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya kamera.

Mwaka juzi niliandika hadithi fupi nikaiweka hadharani. Wengi mliisoma, mkaisifia sana yule mama mkali anayehesabu vijiko kila jioni baada ya wageni kuondoka. Yule mama alikuwa shangazi yangu. Sikubadilisha kitu, ni jina tu. Vijiko vyake, maneno yake, namna anavyokohoa akiwa hajapenda jambo. Shangazi hakusoma mwenyewe, alisomewa, na waliomsomea walikuwa wanacheka. Hakunipigia simu kunigombeza. Alinyamaza wiki sita, na shangazi yangu ni mtu ambaye kila Jumapili lazima aniulize nimekula nini. Nilipompigia hatimaye akaniambia kitu kimoja tu, akasema, "Mwanangu, mbona hukuandika kwanini nilikuwa nahesabu?"

Na kweli sikuandika. Nilikuwa sijui. Sikuwahi kumuuliza. Aliniambia siku ile kwanini, na sababu yake ni ya kwake na itabaki kwake, lakini niliposikia nililia mpaka simu ikazimika chaji. Shangazi, najua utaoneshwa hii video. Nimekosa, na nakuomba radhi hapa hapa nilipokukosea, mbele ya watu walewale.

Tangu hapo nikawa siwezi kuandika mtu yeyote, kila nikianza nahisi naiba. Mnakumbuka shuleni tulifundishwa mhusika bapa na mhusika duara, bapa ana upande mmoja tu toka mwanzo mpaka mwisho, duara anabadilika, ana mazuri na mabaya, anakushangaza. Tulikariri kwa ajili ya mtihani tukamaliza. Mimi sikuelewa mpaka yalipotokea ya shangazi: nilikuwa nimemchukua mtu mzima mwenye pande zote nikamkandamiza akawa bapa. Tena ubapa si kosa lenyewe. Shaaban Robert kwenye Kusadikika, mwaka 1951, mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa anaitwa Karama, jina tu linakwambia tabia, ndo ile waliyotufundisha inaitwa majazi, na pale inafaa kabisa kwa sababu kile kitabu kinazungumzia haki na dhuluma zenyewe. Ila ukitaka msomaji amwone jirani yake ndani ya hadithi, jina la kumhukumu mtu kabla hajafungua mdomo linakuharibia. Nilikuwa na mwenye nyumba mmoja kwenye rasimu yangu nimemwita Bwana Choyo. Nimemfuta jina, sasa anaitwa Idi, na tangu awe Idi ameanza kufanya mambo ambayo sikuyatarajia, juzi kaenda kumtazama mpangaji anayeumwa na kodi hakuitaja.

Kazi mpya ndo ilinirudisha, maana siri ya kazi imenifungia mlango wa kuchukua maisha ya mtu nikayabandika kwenye karatasi. Siruhusiwi. Kwahiyo inabidi nibuni kweli kweli. Na wakati huohuo kila siku nasema mimi, mimi, mimi, kwa niaba ya watu ambao siyo mimi, bila kuongeza pole ambayo hawakusema. Nikajiuliza, je nikimkalimu mhusika wangu? Nikakaa nikaanza kuandika kila mhusika kwa "mimi" kwanza, hata kama hadithi itakuja kusimuliwa kwa "yeye". Nampa ukurasa mzima aongee, anataka nini, anaficha nini, anaficha kwa nani. Hiyo karatasi haiingii kwenye hadithi, naiweka pembeni. Nikifika mahali sijamwelewa naandika palepale, mwandishi anaomba ufafanuzi, halafu nasubiri. Wakati mwingine jibu linakuja baada ya siku mbili nikiwa naosha vyombo.

Na mazungumzo, jamani, mazungumzo. Kwenye simu simwoni mtu uso, nina sauti tu, na nimejifunza kwamba mtu akiulizwa swali zito mara chache sana anajibu swali lilelile. Anajibu la pembeni. Unamuuliza unaishi na nani, anakwambia nyumba ni kubwa. Zamani wahusika wangu walikuwa wanajibizana sawasawa kama mtihani, swali jibu, swali jibu. Sasa nawaacha wakwepe.

Niwaambie kuhusu Tausi, ndo ninayeandika sasa hivi. Tausi ni karani wa shule, kabakiza miaka miwili astaafu, na macho yake yanafifia. Hakuna anayejua. Amekariri rejesta yote, anawatambua wanafunzi kwa sauti na kwa mwendo, akiletewa barua anasema iache hapo nina kazi nyingi, anabeba anaenda kusomewa na mtoto wa jirani. Rasimu ya kwanza alikuwa mwema mno, kila ukurasa unamwonea huruma, na nikawa nachoka naye bila kujua kwanini. Nikampa ule ukurasa wa "mimi". Sentensi ya tatu akasema, kuna mama nilimfukuza.

Sikuwa nimepanga hilo. Kumbe kuna mama alikuja na barua ya kumwombea mtoto wake nafasi, pale dirishani pa karani, foleni ndefu, watu wanatazama, Tausi akaishika barua hakuona kitu, na badala ya kusema nisomee akasema nafasi zimejaa. Mtoto akakosa mwaka. Yule mama akaondoka anasema asante. Hiyo asante ndo imebeba hadithi nzima sasa, nimeirudia mara nyingi sijui ngapi, nimejaribu kumfanya mama alie, nimejaribu agombe, haiwi, ni asante tu.

Nimemtumia shangazi sura mbili kwa sauti, nilizirekodi mwenyewe nikamtumia kabla mtu mwingine yeyote hajasikia, na itakuwa hivyo kuanzia sasa. Alikaa nazo siku nne. Juzi Jumapili akanijibu, voisi ya dakika saba, kaanza na nimekula nini, kamaliza hayo, halafu akasema huyu Tausi simjui, wala hayupo kwenye ukoo wetu, lakini alilofanya pale dirishani si sawa, amtafute yule mama amwombe radhi. Nikamjibu, shangazi, atamtafutaje naye haoni? Akasema, "Sauti yake si anaijua?"

Nimekaa na hilo neno tangu Jumapili. Nilikuwa nimepanga hadithi iishe Tausi anapostaafu, wanampa zawadi, anatoka getini. Sasa siwezi tena. Inabidi atoke aende mahali penye watu wengi asimame, asikilize. Sijui atasimama wapi, na sijui ataanza na neno gani akimsikia.

Haya, laini za kazi zinafunguliwa saa tatu na bado dakika kumi, naenda kuvaa hedifoni. Wiki ijayo nikiwahi mwanga nawasomea pale dirishani pa karani, mpaka kwenye asante.