Kinanda kinanguruma: waya wa simetriki au asimetriki?

YAYA: Karibuni tena, wapendwa, kutoka hapa Bukavu. Mdogo wangu, waeleze yaliyokupata Jumapili.

MDOGO: Yaya, nilikuwa kwenye miksa, kanisani kule Kadutu. Kinanda kiko mbele na korali, miksa iko nyuma mlangoni, mita kama 20. Tukaunga waya za gitaa, moja kwa nyingine, mpaka zikafika. Korali haijafungua kinywa, bafle zinanguruma mmmmm. Mama mmoja wa soprano akageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

YAYA: Pole. Huo mngurumo ni umeme wa ukutani. Kwetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na waya mrefu unauokota njiani. Jaki yako, ile ncha ya chuma ya waya, ilikuwa na mistari mingapi myeusi?

MDOGO: Mmoja.

YAYA: Basi ni asimetriki. Ndani mna uzi mmoja wa sauti, na wavu wa shaba kuuzunguka. Wavu huo unakinga, halafu huohuo ndio njia ya sauti kurudi. Kelele ikishaingia, imeingia. Miksa haiwezi kujua ipi kelele, ipi kinanda.

MDOGO: Na simetriki je?

YAYA: Humo mna nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na wavu juu yake. Uzi wa pili unabeba sauti ileile, ila imepinduliwa: huku inapanda, kule inashuka. Kelele ya njiani inazipata zote mbili sawasawa. Zikifika, miksa inatoa moja kwa nyingine. Kilichofanana kinafutika, sauti inabaki. Mimi kila nikiwaza jambo hili nafurahi upya, kweli.

MDOGO: Lakini mimi nilinunua jaki ya mistari miwili, ile ya simetriki, nikalipa vizuri. Mngurumo ukapungua, haukuisha.

YAYA: Hapo ndipo watu wengi wanaumia mfukoni. Vinanda vingi vinatoa sauti ya asimetriki. Waya peke yake haukigeuzi kinanda. Zile njia mbili hazilingani tangu kwenye chanzo, basi miksa haifuti vizuri. Azima boksi ya DI, kijiboksi kinachogeuza sauti ya asimetriki kuwa ya simetriki. Jaki fupi ya mita 2 kutoka kinanda hadi boksi, halafu waya wa XLR, ule wa simetriki wenye pini tatu, kutoka boksi hadi miksa. Mngurumo ukibaki, boksi nyingi zina kitufe cha kukata wavu. Bonyeza hicho.

MDOGO: Kuna kijana aliniambia nikate mguu wa ardhi kwenye fishi ya umeme.

YAYA: Hapana! Mdogo wangu, sikiliza: hapana kabisa. Mguu ule ndio unaomlinda mwimbaji aliyeshika mikro ya chuma. Umeme ukivuja ndani ya amplifaya, utapita mwilini mwake. Mngurumo hauui mtu.

MDOGO: Nimesikia, yaya. Na nyumbani, kompyuta na spika zangu ziko meza moja?

YAYA: Waya wa RCA, ule wa asimetriki wa vyombo vya nyumbani, wa mita 1 unatosha, usiongeze hata faranga. Mikro ndiyo isiyo na mjadala: sauti yake ni ndogo mno, volti moja ukiigawa mara elfu, ni vipande vichache tu, kwa hiyo XLR kila siku. Umekuja na ule wa kanisa?

MDOGO: Huu hapa. Huu nao unaleta sauti nyembamba, na kelele.

YAYA: Fungua fishi. Pini ya 1 ni wavu, 2 ni sauti, 3 ni ile iliyopinduliwa. Unaona nini?

MDOGO: Ya 3... uzi umeachia. Unaning'inia.

YAYA: Basi ulikuwa unatembea kwa mguu mmoja. Lete pasi ya kuchomelea na risasi, tuufunge kabla ya mazoezi ya korali.