Pawa Saplai Hupimwa Kama Mbuta

Mhadhara kwa vijana wanaojiundia kompyuta, Kisumu

Asanteni, kaeni. Wewe kijana wa pembeni, hebu sogea kidogo, umeziba feni na sisi huku nyuma tuna jua letu. Mizani mnayoiona mezani si ya maonyesho. Tutaifikia.

Nimepewa dakika 40 nieleze jinsi ya kuchagua vipuri vya kompyuta ndogo ya mezani, ile unayojiundia mwenyewe nyumbani. Walioandaa ratiba wamenipangia kwa utaratibu mzuri kabisa: prosesa, mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vingine), ramu, diski, kasha, halafu huko chini, kama mgeni aliyechelewa harusini, pawa saplai, kile kisanduku kinachogeuza stima ya ukutani iwe ya volti ndogo za kompyuta. Naona wanaonifahamu wameanza kucheka. Karatasi hii naigeuza, naanzia mkiani. Na dakika zikiisha tukiwa bado mkiani, mtanivumilia kama mlivyonivumilia mwaka jana.

Kijana huniletea orodha kwenye simu. Prosesa ameitafuta miezi mitatu. Ametazama video, amebishana na wenzake mpaka hawasalimiani. Namuuliza, "Na pawa saplai?" Anajibu, "Hiyo nitachukua yoyote, mwalimu, bora iwe wati 500." Yoyote! Omera, ndugu yangu, ukipeleka boda yako gereji unamwambia fundi akufungie breki yoyote?

Sisemi haya kwa kusoma vitabuni. Zamani kidogo nilimuundia mpwa wangu mashine, akiwa anamalizia diploma. Pesa zilikuwa chache, nikanunua pawa saplai ya shilingi 1,500 katika duka ambalo nitazikwa na jina lake. Kwenye boksi paliandikwa 500W kwa herufi kubwa kama jina la matatu. Ilifanya kazi miezi minne. Alasiri moja, wingu likapanda kutoka ziwani kama kawaida yake, stima ikapotea. Ikarudi. Ikapotea, ikarudi. Mara ya tatu tukasikia mlio kama njugu inayopasuka kwenye kikaango, kisha harufu. Mnaijua harufu ile. Pawa saplai ilikuwa imekufa, na haikukubali kwenda peke yake: ilikwenda na mazabodi, na diski, na ndani ya diski ripoti ya mradi wa kijana, kurasa tisini na kitu. Dada yangu hakunipigia simu mpaka Krismasi.

Basi nikaichukua ile maiti, nikachukua na nyingine nzuri ya umbo lile lile, nikapanda boda hadi Dunga. Pale ufuoni kuna mama mmoja ana mizani ya kupimia mbuta, yule sangara wa ziwani. Nikamwambia, "Mama, naomba unipimie hivi vitu." Akanitazama kama mtu aliyeshinda juani bila kofia, lakini akapima. Ile nzuri, kilo 1 na gramu 800. Ile maiti, gramu 750. Akaishika ile nyepesi mkononi, akaitikisa, akasema, "Fundi, huyu alivuliwa mchanga. Ungekamatwa naye hapa."

Nimeshasikia mihadhara mingi ya umeme, na hakuna aliyeieleza pawa saplai vizuri kuliko mama yule.

Uzito uliopungua ulikwenda wapi? Nilizifungua zote mbili. Katika ile nzuri kuna transfoma nene, koili za shaba, kapasita kubwa kama kidole gumba, na mabamba ya alumini ya kuondoa joto. Katika ile maiti, penye mlango wa kuingilia stima, pale panapopaswa kuwa na kichujio, palikuwa na matundu matupu. Bodi imechorwa nafasi ya koili, imechorwa nafasi ya kapasita, na fundi wa kiwandani akaunganisha kwa kipande cha waya, akaendelea na safari. Kumbe hata aliyeichora alijua kinachotakiwa.

Sasa kuna mtu hapa anajiambia uzito unaweza kuchakachuliwa. Kweli. Ndiyo maana baada ya mizani tunasoma kibandiko. Achana na ile namba kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki hula hapo. Soma ampea zake, zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 15, hizo ni wati 180. Wati 180, ndani ya boksi lililoandikwa 500! Hizo nyingine 320 ni kama abiria wa matatu, zimehesabiwa wakiwemo wanaoning'inia mlangoni.

Na kuna mwingine, mjanja zaidi, ananiambia, "Mwalimu, mashine yangu ndogo haili hata wati 150. Wati 180 si zinanitosha?" Swali zuri, na huniulizwa kila mara, na kila mara najibu nikiwa nimekasirika kidogo. Chukua Ryzen 5 5600G, prosesa ya 2021, kiini 6, grafiki iko ndani yake, yaani inachora picha za skrini bila kadi ya pembeni. Imeandikwa wati 65, na ikibanwa kazi itapanda hadi 88 hivi. Ongeza diski, feni, ramu. Ni kweli, 150 hufiki. Lakini mashine ya mpwa wangu nayo haikufika. Kilichoiua si wati. Ni kile kinachotokea stima inapopepesa.

Sikilizeni hapa, wale wa simu wekeni chini. Pawa saplai inayofuata ATX, kanuni za viwandani za umbo na umeme wa vifaa hivi, inatakiwa kuishikilia kompyuta kwa milisekunde 16 hivi baada ya stima kukatika. Ni ile kapasita kubwa inayofanya hivyo, kama tangi juu ya nyumba siku ya mgao wa maji. Sasa wewe umenunua UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia stima ikipotea, umefanya vyema. UPS za kawaida huchukua milisekunde kadhaa kuhama kutoka stima ya ukutani kwenda kwenye betri yake. Pawa saplai yenye tangi la kutosha haitajua kwamba lolote limetokea. Ile ya kapasita nyembamba itazima kabla UPS haijahama, kisha unakuja kwangu ukilia kwamba UPS ni mbovu. Nimeletewa UPS nzima kabisa, tatu kwa mwezi mmoja, wenyewe wameshazipiga na makofi.

Na lile la kasha kukuuma. Kuna aliyeniambia nyumba yake ina mambo, akigusa kompyuta kwa mkono wenye jasho inamwasha. Nyumba haina mambo. Haina waya wa ardhi. Kichujio cha pawa saplai humwaga umeme mdogo sana kwenye chuma cha kasha, na umeme huo unategemea waya wa ardhi uuondoe. Usipokuwepo, chuma kinakaa na karibu nusu ya zile volti 240. Kwa kawaida hautakuua, lakini unakuambia kwamba siku kasoro ya kweli itakapotokea hapana kitu cha kukulinda. Plagi yako ina pini tatu. Muulize mwenye nyumba ile ya tatu imefungwa wapi. Wengi wataanza kukueleza habari za rangi ya ukuta.

Haya, nikiwa bado kwenye pawa saplai, nawaingiza kwenye udogo, maana najua mmeshaanza kusema mzee huyu alialikwa kuzungumzia kompyuta ndogo. Udogo wa kasha hupimwa kwa lita. Kasha la kawaida la zamani ni lita 40 na zaidi, yaani jerikani mbili za maji. Tunaloliita dogo ni chini ya jerikani moja, lita 20, na wenye mikono myepesi hushuka hadi lita 10. Ndani ya nusu jerikani hiyo pawa saplai ya kawaida ya ATX, milimita 150 kwa 86 kwa 140, inakula nafasi ya kila mtu. Kwa hiyo kuna umbo dogo, SFX: 125 kwa 63.5 kwa 100. Uliza kasha linakubali ipi kabla hujatoa pesa. Na ukipima SFX kwa mizani, ipime na SFX mwenzake. Ngege, tilapia wetu mdogo, halinganishwi na mbuta.

Halafu joto. Tuseme mashine inahitaji wati 100. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta 125 ukutani, na zile 25 zinageuka joto palepale ilipokaa. Yenye asilimia 90 itavuta 111, joto ni 11. Katika jerikani mbili tofauti hiyo huioni. Katika nusu jerikani, Kisumu, saa nane mchana, chini ya mabati, umefungiwa chumbani na mtu anayechemsha githeri. Hewa inayoingia tayari ni nyuzi 30 na ushei, na hakuna feni duniani inayopooza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Ile 5600G ikikaribia nyuzi 95 itajipunguza mwendo yenyewe. Kwa hiyo zile lebo za ufanisi za 80 PLUS, shaba, fedha, dhahabu, watu wa Nairobi wanazinunua kupunguza bili. Sisi tunazinunua kupumua.

Nitaongeza jambo moja la huku kwetu ambalo video za Marekani hazitawaambia. Vile vijidudu vya ziwani, vinavyopanda kama moshi na kujaa kwenye taa. Vijana mnapenda feni zenye taa za rangi. Usiku, dirisha wazi, karibu na ziwa, umewasha taa ndani ya kisanduku chenye matundu na feni inayovuta. Umeandaa karamu na umetuma kadi za mwaliko. Nimefungua kasha moja kutoka Dunga, kipoozaji kilikuwa na ukoko mweusi wa vijidudu vilivyokaushwa na joto, ungedhani kimeokwa. Zima taa hizo. Funika tundu la kuvutia hewa kwa kipande cha soksi ndefu za kina mama, na ukioshe kila wiki, maana soksi iliyoziba ni mbaya kuliko vijidudu.

Naonyeshwa saa. Dakika ngapi? Saba. Basi tukimbie.

Kasha: pima urefu wa kipoozaji cha prosesa kwenda juu. Kile kinachokuja bure na 5600G ni milimita 54. Kasha likiruhusu 47, mfuniko utaufunga kama sanduku la bweni siku ya kufungua shule, umeukalia na bado haufungi. Viko vipoozaji vya milimita 37, vinagharimu, panga bajeti mapema.

Mazabodi: umbo dogo, Mini-ITX, milimita 170 kwa 170. Ina nafasi moja tu ya kadi, kwa hiyo nunua yenye waifai tayari, usije ukatoa nafasi yako ya pekee kwa waifai. Geuza bodi uangalie mgongoni. Nyingine zina nafasi ya diski ya M.2, ile nyembamba kama kijiti, huko chini, na mkishafunga skrubu zote ndipo mnakumbuka.

Prosesa: herufi ile ya mwisho isomeni. 5600G ina grafiki, 5600 isiyo na G haina, na zile za Intel zenye F hazina. Kuna kijana aliletewa kifurushi kutoka Nairobi kwa basi la usiku, akaunga kila kitu, skrini nyeusi siku mbili. Herufi moja.

Ramu: mbili za jiba (GB) 8 badala ya moja ya 16, kwa sababu grafiki ya ndani inakopa ramu hiyo hiyo na inahitaji njia mbili. Ramu ya DDR4 haiingii kwenye bodi ya kizazi kipya, DDR5, msisukume. Ramu ya laptopu ni fupi, haiingii pia.

Kadi ya grafiki... hapana, hiyo nimeiacha. Tungeanza na urefu wake na tungelala hapa.

Na kabla sijaulizwa: mbona usinunue tu kimashine kidogo cha eksi-yukei, kilichokwisha kutumika Uingereza? Kama kazi yako ni kuchapa barua na kutazama mpira, nenda kanunue, mimi mwenyewe nitakupeleka dukani. Kina adapta ya nje kama ya laptopu, joto lile liko nje ya kisanduku, waliokiunda walifikiria vizuri. Aliyekuja hapa leo anataka kitu atakachokuwa akikifungua na kukiongezea miaka kadhaa, chumbani mwa bedsita, na siku ya kwenda ushago akitie kwenye begi.

Haya. Tangazo lilisema mje na pawa saplai zenu. Pangeni foleni hapa mbele, za SFX upande huu, ATX upande ule. Wewe wa pembeni, anza na hiyo yako. Hapana, usiniambie ni wati ngapi. Weka kwanza kwenye mizani.