Fürst si mwanamfalme: tuzisome vizuri koo kubwa za Vienna

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo? Hapa ni Vienna, wilaya ya 9, mtaa unaitwa Fürstengasse, na jumba hili nyuma yangu ni la ukoo wa Liechtenstein. Leo tunyooshe neno moja linaloharibu tafsiri zetu nyingi za historia.

Kijerumani kina Prinz na kina Fürst, na sisi wote tunawaita "mwanamfalme". Ziwa Turkana zamani liliitwa Rudolf, sivyo? Jina hilo lilitolewa mwaka 1888 na Teleki, kabaila wa Hungaria wa daraja la Graf (cheo cha chini ya Fürst), kwa heshima ya Rudolf, mtoto wa Kaisari wa Austria. Huyo Rudolf ndiye mwanamfalme hasa. Fürst yuko kati yao: juu ya Graf, chini ya watoto wa Kaisari, na baba yake si mfalme. Neno letu linalomkaribia ni mwinyi. Mkumbukeni Mwinyi Mkuu wa Dunga, Unguja: alikuwa na watu wake na heshima yake, huku Sultani akiwa juu.

Sasa shikeni hili: cheo ni kimoja, kiti ni kingine. Karl wa Liechtenstein alipata ufürst mwaka 1608. Lakini ili ukoo ukae na wakuu wenzake kwenye bunge la Dola Takatifu ya Kirumi (muungano wa nchi nyingi, hasa za Kijerumani, chini ya Kaisari), ulihitaji ardhi isiyo na bwana mwingine ila Kaisari peke yake. Wao walikuwa na mashamba makubwa mno Moravia na Austria ya Chini, ila kote huko ukoo wa Habsburg, ukoo wa Kaisari mwenyewe, ndio uliokuwa bwana wa nchi kwa cheo kingine kisicho cha ukaisari, kwa hiyo hayakuhesabika. Ikabidi wanunue. Schellenberg mwaka 1699, gulden (fedha ya wakati huo) 115,000. Haikutosha. Vaduz mwaka 1712, gulden 290,000. Tarehe 23 Januari 1719 Kaisari Karl VI akaviunganisha vipande hivyo viwili, na nchi ya Liechtenstein ikazaliwa, kilomita za mraba 160 tu. Wenyewe wakaendelea kuishi huku Vienna. Mtawala wa kwanza kuhamia Vaduz moja kwa moja ni Franz Josef II, mwaka 1938. Dola ile ilipovunjika mwaka 1806, koo nyingi zilimezwa na majirani wakubwa. Kipande hiki kikapona, na ndiyo maana wao wanatawala mpaka leo.

Pia angalieni nani anarithi. Kwa Esterházy, ukoo wa Hungaria, Paul alipewa cheo mwaka 1687 kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka 1712 kikawa cha kurithiwa, lakini na mzaliwa wa kwanza tu. Wengine wakabaki Graf. Ukikuta hati ya 1750 yenye Esterházy mmoja Fürst na mwingine Graf, mwandishi hajakosea.

Getini tazameni taji juu ya ngao. Vichwa tisa vyenye lulu ni Graf. Saba ni Freiherr, daraja la chini ya Graf. Fürst ana kofia nyekundu au zambarau, ukingo wa manyoya meupe yenye madoa meusi, matao yakipita juu, na kileleni tufe lenye msalaba. Hesabuni kwanza, ndipo muandike maelezo ya picha.

Na kupewa cheo hakukufanyi uwe sawa. Sophie Chotek, binti wa Graf, aliolewa na Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Kaisari wa Austria, tarehe 1 Julai 1900. Siku tatu kabla, tarehe 28 Juni, bwana harusi alikula kiapo kwamba watoto wao hawatarithi. Kaisari akamfanya Sophie kuwa Fürstin (yaani Fürst wa kike) wa Hohenberg, na bado kwenye sherehe za ikulu alitanguliwa na mabinti wote wa nyumba ya Habsburg, hata wadogo. Mimi naliona ni jambo la kuumiza sana. Waliuawa pamoja Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, miaka 14 kamili baada ya kiapo.

Leo je? Chekoslovakia ilifuta vyeo Desemba 1918. Austria ikafuata tarehe 3 Aprili 1919, na hata kile kijineno "von" (yaani "wa") kwenye majina kikaondolewa. Ujerumani mwaka huohuo ilifanya tofauti: cheo kikageuka sehemu ya jina la ukoo. Ndiyo maana ndugu wa damu wanaweza kuandikwa tofauti kwenye pasi za nchi hizi mbili. Mwaka 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliikubalia Austria kukataa "Fürstin von" kwa raia wake aliyeasiliwa na Mjerumani.

Kwa hiyo mkiandika habari, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Cheki, naye wa ukoo wa Fürst, ni Karel Schwarzenberg, basi, bila cheo. Mjerumani wa leo mwenye "Prinz von" kwenye pasi, mwandikeni hivyohivyo, baada ya jina lake la kwanza, bila kulitafsiri, kama ambavyo hakuna anayetafsiri jina la Rais Mwinyi.